Propela: Pini ya bei ndogo inayookoa injini ya bei kubwa

Ukisimama katika soko la Sosiot, kule Belgut katika kaunti ya Kericho, na kugeuza macho kila upande, utaona majani chai. Mashamba yamelala juu ya vilima kama zulia la kijani, na wingu la mvua ya alasiri halichelewi kujitokeza. Boti huioni wala ziwa hulioni. Mtu akikusimamisha hapo na kukuuliza habari za propela ya motaboti, yamkini utamdhania amepotea njia.

Lakini hebu yafuate maji, msomaji. Mvua inayonyesha juu ya vilima hivyo haikai huko. Huingia katika vijito, vijito vikaingia katika mito kama Sondu, na safari ikaishia katika Ziwa Victoria. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko mita 1,134 hivi. Maji hutelemka mteremko huo wote, wala hayateremki mikono mitupu. Hubeba udongo na mbolea kutoka mashambani. Mbolea hiyo, pamoja na uchafu wa miji iliyo njiani, huishia kulilisha gugumaji katika Ghuba ya Winam, na gugumaji ni adui mmoja mkubwa wa propela za huko.

Tena njia ya watu ni fupi kuliko njia ya maji. Anayeondoka Kericho alfajiri hupitia Awasi na Ahero na kufika Kisumu asubuhi hiyohiyo. Familia ya mkulima wa chai inapopata bonasi, si lazima inunue ng'ombe au pikipiki. Yaweza pia kununua injini ya boti na kuikabidhi kwa kijana wao au mshirika anayevua ziwani. Nawe unayeishi mjini, unapowapeleka watoto kutembezwa kwa boti kule Dunga, Naivasha au Baringo, unaweka maisha yao juu ya kipande cha chuma usichokiona, kilichozama nyuma ya boti.

Makala haya yanahusu kipande hicho: jinsi ya kukifungua, kukirekebisha na kukitunza. Utashangaa kuona kwamba kazi nyingi zinazohusika haziwezi kumshinda fundi wa pikipiki wa pale pale Sosiot, hata kama hajawahi kuliona ziwa.

Parafujo ndani ya maji

Kamusi zetu huiita rafadha. Mafundi huiita propela, nasi leo tutakwenda na mafundi.

Propela si feni ya kupepea maji. Ni parafujo. Unapoikaza parafujo kwenye ubao, kila mzunguko huisogeza mbele kwa kiasi fulani. Propela nayo hujipenyeza ndani ya maji vivyo hivyo, ikiisukuma boti mbele yake. Ndiyo sababu juu ya propela nyingi utakuta namba mbili zilizoandikwa kwa inchi. Ya kwanza ni kipenyo, yaani upana wa duara linalochorwa na ncha za mabawa. Ya pili ni hatua, yaani umbali ambao propela ingesogea kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa magumu kama ubao.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Tuseme hatua ni inchi 9, na injini inazunguka mara 5,000 kwa dakika. Gia zilizo ndani ya mguu wa injini hupunguza mizunguko hiyo kwa zaidi kidogo ya nusu, tuseme ibaki 2,400. Zidisha 2,400 kwa inchi 9, upate inchi 21,600, ambazo ni kama mita 549 kwa dakika. Kwa saa moja ni takriban kilomita 33. Boti yenyewe haitafika hapo, kwa kuwa maji si ubao, nayo propela huteleza kidogo. Boti ikiwa na mzigo mzito huhitaji propela ya hatua fupi, kama vile lori linavyohitaji gia ndogo kupanda mlima. Ukiifunga propela ya hatua ndefu kwenye boti nzito, injini itahema, itachemka na kula mafuta bila kufika popote.

Historia ya kifaa hiki inachekesha. Mnamo 1837 Mwingereza Francis Pettit Smith alikuwa akiijaribu boti yake kwenye mfereji mmoja wa London. Parafujo yake ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye mizunguko miwili kamili. Ikagonga kitu na nusu yake ikakatika. Badala ya boti kusimama, ikaongeza mwendo! Ajali hiyo ilimfundisha kwamba parafujo fupi ni bora kuliko ndefu. Aprili 1845 Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilifunga meli mbili kwa kamba, tezi kwa tezi. Rattler ilikuwa na propela, Alecto ilikuwa na magurudumu ya kupiga maji, na kila moja ikavuta upande wake. Rattler iliiburuta Alecto kinyumenyume, na tangu hapo mabishano yakapungua. Mnamo 1909 Ole Evinrude, fundi wa Milwaukee huko Marekani, alianza kuuza injini ndogo ya kufungwa nyuma ya mtumbwi. Injini unazoziona leo zikining'inia nyuma ya boti za wavuvi wa Ziwa Victoria ni wajukuu wa injini hiyo.

Walinzi watatu wadogo

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Propela hukutana na mambo mengi chini ya maji: mawe, magogo, nyavu, mchanga, na mizizi ya gugumaji. Waliobuni injini walijua kwamba siku moja itagonga kitu. Wakajiuliza: ikigonga, nini kivunjike? Wakachagua kitu cha bei ndogo kiumie kwa niaba ya kitu cha bei kubwa.

Mlinzi wa kwanza ni pini. Katika injini ndogo sana, za nguvu farasi 2 hadi 5 hivi, propela nyingi hushikwa na pini fupi iliyopita katikati ya shafti. Pini hiyo hutengenezwa kwa chuma laini kwa makusudi. Propela ikigonga jiwe, pini hukatika, propela husimama, na gia zilizo ndani husalimika. Unaibadilisha kwa dakika chache na kuendelea na safari.

Mlinzi wa pili ni raba. Katika injini kubwa kidogo, kama zile za nguvu farasi 15 au 25 zinazotumiwa na wavuvi, propela hukaa juu ya meno ya shafti, na katikati ya kitovu chake kumeshindiliwa raba nene. Propela ikigonga gogo, raba huumeza mshtuko. Fundi wa pikipiki anaelewa jambo hili vizuri, kwa sababu zile raba zilizomo ndani ya gurudumu la nyuma la bodaboda, karibu na mnyororo, hufanya kazi hiyohiyo. Zikiisha, pikipiki hugonga kila unapoachia na kuvuta mafuta. Raba ya propela ikiisha, injini hupiga kelele nyingi lakini boti haiendi.

Mlinzi wa tatu ni sili ya oili. Hii ni pete ya raba iliyo mahali ambapo shafti hutokea nje ya mguu wa injini. Kazi yake ni kuzuia oili ya gia isitoke na maji yasiingie. Ni nyembamba na laini, na bei yake haiwezi kulinganishwa na ya gia inazozilinda.

Sasa msikilize adui wa walinzi hawa. Si jiwe wala gogo. Ni ule ujanja wa mtu anayesema, "Pini hii imekatika mara mbili wiki hii, leo naweka msumari." Msumari wa chuma kigumu haukatiki kirahisi. Siku propela ikigonga jiwe, kitakachovunjika ni gia au shafti. Wengine raba ikianza kuteleza hutoboa kitovu cha propela na kupigilia bolti ili kisizunguke tena. Boti itakwenda, ndiyo, lakini tangu siku hiyo kila mshtuko utafika moja kwa moja kwenye gia. Mtu huyo hajarekebisha chochote. Amemfukuza mlinzi na kuacha mlango wazi.

Kuifungua

Kabla ya spana, usalama. Zima injini. Toa ile kamba ya usalama inayozima injini dereva akianguka. Kisha chomoa waya wa plagi, au nyaya zote kama plagi ni zaidi ya moja. Usiseme injini imezimwa na hiyo yatosha. Ukiizungusha propela kwa mkono huku gia imeingia, unaweza kuuzungusha mtambo wenyewe, na injini iliyo moto ikashtuka na kukukata vidole. Waya ukishachomolewa, umesalimika.

Ifanye kazi hii nchi kavu inapowezekana. Nati iliyoangukia ndani ya ziwa haionekani tena. Tandika kitambaa au gunia chini, na kila kitu unachokitoa kipange kwa mfuatano uleule. Kuna washa inayokaa mbele ya propela na nyingine inayokaa nyuma, na mara nyingi ile ya mbele imekatwa mteremko upande mmoja. Ukiigeuza wakati wa kurudisha, propela haitakaa sawasawa.

Anza na pini ya kukunja, ile iliyopita katikati ya nati na kupindwa miguu. Inyooshe kwa koleo na uivute. Hiyo ni pini ya kuzuia nati isifunguke, wala usiichanganye na ile pini ya kukatika tuliyoitaja. Kisha chukua kipande cha ubao na ukikingamize kati ya bawa la propela na lile bamba lililo juu yake, ili propela isizunguke. Usiishike propela kwa mkono. Spana ikiteleza, bawa litakuchana. Fungua nati kwa kuizungusha kinyume cha saa, toa washa, halafu ivute propela nje taratibu. Kwa injini ndogo, ukishaitoa propela utaiona ile pini laini imekaa ndani ya shafti kwa kukingama. Isukume itoke.

Propela ikikataa kutoka, kuna kishawishi cha kuipiga nyundo. Usiyapige mabawa. Nyunyiza mafuta ya kulegeza kutu kwenye shafti, subiri kwa muda, kisha gonga kitovu polepole kwa kipande cha ubao, huku ukiizungusha. Wala usiipashe moto kwa gesi. Ndani kuna raba, na nyuma yake kuna sili na oili. Mara nyingi propela hugandamana kwa sababu mtu wa mwisho kuifunga hakupaka grisi.

Kilichojificha nyuma

Propela ikishatoka, wengi huitazama propela yenyewe. Wewe tazama kule ilikotoka. Hapo kwenye shafti, nyuma ya ile washa ya mbele, ndipo uzi wa nailoni hujificha.

Ziwani kuna nyavu na mishipi mingi iliyokatika ikielea. Propela huivuta, uzi hujiviringa kwenye shafti, na ukazama mahali ambapo jicho halifiki. Kila mzunguko unaukaza zaidi. Nailoni nyembamba hupenya hadi kwenye sili na kuikata kama wembe, nayo boti inaendelea kwenda vizuri kana kwamba hakuna lililotokea. Oili huanza kutoka kidogo kidogo, maji huanza kuingia, na miezi michache baadaye gia zinasagika. Mwenye boti atalia kwamba injini ilikufa ghafla. Haikufa ghafla. Ilikuwa ikiugua tangu siku ya uzi.

Toa uzi wote kwa mkono na koleo. Ukitumia kisu, kata kwa uangalifu usiiguse sili. Futa shafti kwa kitambaa kikavu, halafu angalia tena baada ya muda. Ukiona oili inajitokeza kuizunguka shafti, sili imekatika, na boti isirudi majini mpaka ibadilishwe. Kwa injini inayofanya kazi kila siku mahali penye nyavu nyingi, ukaguzi huu ufanywe mara kwa mara, si kwa mwaka mara moja.

Kuirekebisha

Sasa itazame propela yenyewe. Pitisha kidole polepole kwenye kingo za mabawa. Mikwaruzo na mapengo madogo hutengenezwa kwa tupa laini na msasa. Fuata umbo la ukingo, usiufanye mkali kama kisu wala butu kama kijiko, na usile chuma kingi.

Mabawa lazima yawe na uzito sawa. Bawa moja likiwa zito, propela hutikisika, na mtikisiko huo huchosha beringi na sili usiku na mchana. Kuna jaribio rahisi ambalo hata mwanafunzi anaweza kulifanya. Pitisha kipande cha chuma kilichonyooka katikati ya kitovu, kikae katikati kabisa bila kuchezacheza. Kisha ukilaze juu ya kingo mbili zilizo sawa, kwa mfano meza mbili za urefu mmoja. Iache propela ijizungushe yenyewe. Ikiwa kila mara bawa lilelile linashuka chini, hilo ndilo zito. Lipunguze kidogo kidogo kwa tupa, ujaribu tena, mpaka propela ikae popote unapoiacha.

Bawa lililopinda kidogo kwenye ncha laweza kunyooshwa kwa nyundo ya mpira au ya mbao, juu ya kigogo kilicholingana na umbo lake. Lililopinda sana mpeleke fundi mwenye kipimo, kwa sababu macho hayawezi kuona hatua ya inchi 9 ikigeuka kuwa 8. Ukiona ufa karibu na kitovu, usidanganyike. Propela hiyo imekwisha, na ufa huo utaachia bawa siku ambayo injini inavuta kwa nguvu zote.

Je, inaweza kuchomelewa? Hapa fundi wa jua kali asikilize vizuri. Propela nyingi za injini ndogo ni za alumini. Chuma cha kawaida kikipata moto hubadilika rangi, kikawa chekundu kabla ya kuyeyuka, kwa hivyo fundi hupata onyo. Alumini haitoi onyo hilo. Huyeyuka ikifika nyuzi 660 za Selsiasi hivi, na wakati huo bado inaonekana kama ilivyokuwa. Unachomelea ukidhani bado, mara bawa zima linadondoka kama nta. Alumini inahitaji mashine yake na gesi ya agoni, pamoja na fundi anayeijua. Welda ya vijiti ya kuchomelea madirisha haifai hapa.

Kuhusu ile raba ya ndani, kuna njia ya kuipima bila gharama. Chora mstari mmoja wa rangi ukianzia kwenye kitovu cha ndani, upite juu ya raba, hadi kwenye mwili wa propela. Iache rangi ikauke, kisha itumie boti kama kawaida. Ukitazama baadaye na kukuta mstari umeachana vipande viwili, raba imeteleza. Kama uko majini ilipoanza kuteleza, punguza mafuta na urudi ufuoni kwa mwendo wa polepole. Ukivuta sana, utaimaliza kabisa na kubaki na makasia.

Kuirudisha

Paka meno ya shafti grisi isiyooshwa na maji. Hii ni kazi ya dakika moja, nayo ndiyo itakayoamua kama mwaka ujao utaitoa propela kwa mikono au kwa matusi. Rudisha ile washa ya mbele kwanza, ikikaa upande wake. Ingiza propela, washa ya nyuma, kisha nati. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa katika kijitabu cha injini. Tundu la nati lisipokutana na tundu la shafti, ongeza kukaza kidogo mpaka yakutane. Usirudishe nyuma.

Pini ya kukunja iwe mpya kila mara. Iliyokwisha kupindwa na kunyooshwa imechoka. Waya wa ua au msumari uliokunjwa si badala yake. Zungusha propela kwa mkono, injini ikiwa katika gia huru, na usikilize. Ikizunguka bila kukwaruza, rudisha nyaya za plagi.

Oili ina habari

Chini ya mguu wa injini kuna parafujo mbili, moja chini karibu na propela na nyingine juu yake. Hizo ndizo za oili ya gia. Weka kopo chini, fungua ya chini kwanza, kisha ya juu, uiache oili itiririke. Itazame kabla ya kuimwaga. Ikiwa safi na nzito, shukuru. Ikiwa na rangi ya maziwa au chai ya maziwa, maji yameingia, na sili moja au zaidi imekufa. Ikiwa na vipande vya chuma, gia zimeanza kusagika.

Oili mpya huingizwa kutoka chini, mpaka itokee kwenye tundu la juu. Kwa njia hiyo hewa yote hutoka. Ikitokea, funga ya juu kwanza, kisha ya chini, ukiwa umebadilisha washa zake ndogo. Injini nyingi hutumia oili ya gia ya namba 90 iliyotengenezewa boti. Wengi hushauri ibadilishwe kila baada ya saa 100 za kazi au miezi sita. Oili iliyotoka usiimwage ziwani wala mtoni, iwe ni Kisumu au Sosiot.

Walio pwani, Lamu hadi Vanga, wana jambo moja zaidi, nalo ni chumvi. Injini ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi baada ya kazi. Na popote ulipo, usiilaze injini kichwa kikiwa chini kuliko mguu, maji yaliyobaki yasije yakakimbilia mitamboni.

Gugumaji linapokunasa

Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, gugumaji lilianza kuonekana karibu 1990, na kufikia 1998 lilikuwa limefunika sehemu kubwa ya Ghuba ya Winam. Fukusi wanaolila waliachiliwa kuanzia 1997, nalo likapungua sana, lakini halijaisha. Hurudi kila hali inapolifaa, na pakiwa na chakula cha kutosha linaweza kuongezeka maradufu kwa wiki mbili hivi.

Boti ikiingia humo, mizizi hujifunga kwenye propela, injini ikachemka na kuzima. Usivute mafuta kwa hasira. Punguza mwendo, tia gia ya kurudi nyuma kwa muda mfupi, mara nyingi propela hujifungua yenyewe. Ikishindikana, zima injini, chomoa waya wa plagi, inua mguu wa injini, na ukate mizizi kwa kisu ukiwa umekaa, mwenzako akikushika. Usishuke majini. Boti imara hugeuka kuwa kaburi pale mtu anapoinama peke yake juu ya maji huku upepo wa alasiri ukipanda.

Na wewe abiria

Si lazima uwe fundi ili ujue boti inatunzwa. Kabla ya kuwapakia watoto, zungukia nyuma. Tazama mabawa ya propela: yana mapengo, yamepinda? Je, kuna pini kwenye nati, au waya wa kuungaungwa? Dereva ameifunga ile kamba ya usalama mkononi, au inaning'inia? Muulize kwa heshima, "Mzee, ukipoteza propela huko ndani, una nini cha kuturudisha?" Dereva mwema hatakasirika. Atakuonyesha makasia, nanga, na kopo dogo lenye pini mbili tatu, nati ya akiba, koleo, spana na kisu. Asiye na kopo hilo anategemea bahati. Na jaketi la kuokolea maisha livaliwe na kila mtoto kabla boti haijaondoka, wala si kukaliwa kama mto.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Pini, raba na sili ni miiba ya namna hiyo. Familia iliyoweka bonasi ya mwaka mzima katika injini ya boti itaipoteza kwa msumari mmoja uliowekwa mahali pa pini, au kwa uzi mmoja ambao hakuna aliyejali kuutazama.

Na wale wasio na boti wala nia ya kupanda boti, wana kazi yao pia. Mkulima wa Belgut anayeacha ukanda wa nyasi na miti kando ya mto, asilime hadi kwenye maji, huzuia udongo na mbolea visishuke. Hatamwona kamwe mvuvi ambaye propela yake imezunguka bila kunaswa siku hiyo. Hata hivyo, mvuvi huyo atakuwa amefika nyumbani na samaki wake kabla ya giza.